Kikohozi Changu ni Mzigo wa Nani?

Neno letu wiki hii ni Warumi 15:1–7 pamoja na Marko 2:1–12. Tafadhali yasome nyumbani kabla ya kuendelea, maana hapa sitayarudia yote. Leo nataka tufikirie pamoja swali moja ambalo limenisumbua tangu Julai. Sikulipata kwenye kitabu. Nililipata madhabahuni, nikiwa na maikrofoni mkononi.

Mnakumbuka ile baridi ya Julai. Ukungu ulikuwa unakaa kwenye mteremko wa Kijabe mpaka saa nne asubuhi, na sisi huku chini tukipigwa na upepo na vumbi. Mimi nilishikwa na homa siku ya Ijumaa: mafua, koo, kikohozi, na mwili kuuma. Jumamosi jioni mke wangu akaniambia nimpigie pasta mkuu simu ili mtu mwingine ahubiri. Nikamwambia mtumishi wa Mungu haachi zamu yake kwa sababu ya mafua. Nikanywa tangawizi na ndimu, nikameza tembe za maumivu, na Jumapili nikasimama. Nilihubiri kwa dakika 50, na wengi wenu mkasema amina.

Baada ya mahubiri niliita wenye haja ya maombi waje mbele. Katika mstari alikuwepo mama mmoja wa kanisa letu. Amenipa ruhusa niandike habari zake, ila jina lake nisiliweke. Wengi mnamjua. Huyu ndiye tuliyemfanyia harambee mwaka uliopita ili apandikizwe figo. Mimi ndiye niliyeshika daftari ya michango, kwa hiyo najua nani alitoa nini. Najua mama wa mahindi ya kuchoma pale stejini alileta noti za hamsini hamsini kwa wiki sita. Figo yenyewe alipewa na kaka yake mdogo, fundi wa mawe, ambaye alikaa miezi mitatu bila kuinua nyundo.

Nilimwekea mama huyu mikono kichwani. Vyombo vilikuwa vinalia juu sana, kwa hiyo nikamwinamia karibu na sikio nikaomba kwa sauti. Nikakohoa mara mbili. Niligeuza uso kidogo, nikaendelea kuomba.

Alhamisi usiku mumewe alinipigia. Alikuwa kwenye gari, wanampeleka hospitali. Mama hakuwa na joto kali mwilini, ila alikuwa anashindwa kupumua. Walimpima, wakakuta ni virusi vya homa, na tayari vilikuwa vimeteremka hadi kwenye mapafu. Alilazwa siku 11, na siku nne kati ya hizo alikuwa kwenye oksijeni. Amerudi nyumbani, utukufu kwa Mungu. Lakini kreatini yake, kile kipimo cha damu kinachoonyesha figo inafanyaje kazi, ilipanda, na mpaka leo haijarudi pale ilipokuwa.

Nilimwuliza daktari wake, "Je, ni mimi?" Akanijibu kwamba hilo halitajulikana. Jumapili ile kanisa lilikuwa limejaa, Jumatatu mama alipanda matatu kwenda Naivasha, na wajukuu wake walikuwa wanapiga chafya nyumbani. Anaweza kuwa aliipata kwa yeyote. Nilitoka pale nikijaribu kufurahia jibu hilo. Sikufaulu, kwa sababu swali langu halikuwa la virusi peke yake. Siku ile nilijua nina homa, na nilijua anaishi na figo ya kupandikizwa. Yote mawili niliyajua kabla sijamwekea mikono.

Wacha kwanza nieleze kwa nini homa yangu na homa yake si kitu kimoja, maana nimegundua wengi wetu hatuelewi.

Tarehe 23 Desemba 1954, kule Boston, Marekani, daktari Joseph Murray na wenzake walitoa figo ya kijana aitwaye Ronald Herrick wakampa pacha wake, Richard, aliyekuwa anakufa kwa ugonjwa wa figo. Huo ndio upandikizaji wa kwanza wa figo uliofaulu kwa muda mrefu. Richard aliishi miaka minane zaidi. Ronald, aliyebaki na figo moja, aliishi mpaka Desemba 2010. Murray alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Kazi ile iliwezekana kwa sababu wale wawili walikuwa mapacha wa kufanana. Mwili wa Richard uliipokea figo ya Ronald kana kwamba ni yake.

Wengi wetu hatuna pacha wa namna hiyo. Hata kaka wa tumbo moja, figo yake ni mgeni. Kinga ya mwili ni kama walinzi wa usiku: wakimwona mgeni wanamshambulia bila kuuliza amekuja kwa heri au kwa shari. Kwa hiyo aliyepandikizwa figo hunywa dawa za kuwatuliza walinzi hao, kama takrolimasi na prednisoloni, kila siku, kwa saa maalumu, kwa maisha yake yote. Bila dawa hizo figo itakataliwa. Shida ni kwamba walinzi wanaotulizwa ni wale wale ambao wangepigana na homa.

Ndiyo maana homa ambayo kwangu ni ya siku tano, kwake inaweza kukaa wiki kadhaa. Inaweza kuanza taratibu bila joto, na kabla hajashtuka iwe imefika kwenye mapafu na kugeuka nimonia. Kisha daktari anabaki na uamuzi mgumu. Akipunguza zile dawa ili mwili upigane na virusi, anahatarisha figo. Akiziacha zilivyo, anahatarisha mapafu. Hata chanjo haimkingi sana. Mwaka 2021, watafiti wa Johns Hopkins huko Marekani waliwapima watu 658 waliopandikizwa viungo, ambao walikuwa wamepata dozi mbili za chanjo ya korona. Waliokuwa na kingamwili za kuonekana walikuwa 54 tu kati ya kila 100. Kwa maneno mengine, mtu kama huyu anaweza kufanya kila alichoambiwa na bado akategemea sana tabia ya wale walio karibu naye.

Sasa swali. Kikohozi changu kikimfikia mtu kama huyu, ni mzigo wa nani? Wake, kwa kuwa yeye ndiye dhaifu? Au wangu, mwenye nguvu?

Jibu la kwanza nililosikia hapa kanisani, na tena kutoka kwa watu wazuri, ni hili: "Si angekaa nyumbani?" Jibu hilo halikuanzia kwetu. Kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa Kenya tarehe 13 Machi 2020, na makanisa yakafungwa mwezi huo huo. Yalipofunguliwa Julai, masharti yalikuwa watu wasiozidi 100, ibada isizidi saa moja, na walio chini ya miaka 13, waliozidi 58, na wenye maradhi mengine wabaki nyumbani. Siwalaumu waliotoa masharti hayo. Ulikuwa wakati wa dharura, na yaliokoa watu. Lakini nadhani tulibaki na fundisho ambalo hakuna aliyelipima: kwamba ibada ni ya wenye afya, na mgonjwa atafuata kwa simu.

Dharura huisha. Figo ya kupandikizwa haiishi mwezi ujao. Ukimwambia mama huyu akae nyumbani, unamwambia akae miaka yote aliyobakiza. Je, tulichanga pesa zote zile ili awe hai peke yake, kwenye chumba chake?

Tazama Marko 2. Kwa miaka nimehubiri habari ya wale wanne na imani yao, na sijawahi kuuliza ni nini hasa kilichomzuia yule mwenye kupooza. Hakuzuiwa na Mafarisayo wala na mapepo. Alizuiwa na umati. Watu waliokuja kusikia Neno, watu kama sisi, walijaa mlangoni hata mgonjwa akakosa pa kupita. Hakuna aliyetamka kwamba hatakiwi. Walikuwa tu wamesimama walipotaka kusimama. Wale wanne hawakumwambia, "Sikiliza ukiwa nje, si sauti inafika?" Walitoboa dari. Nyumba ya watu iliharibika, kuna mtu alikuja kuirekebisha, na Yesu hakuwakemea.

Jibu la pili ni la kiimani, na kwa sisi wa Roho ndilo zito zaidi. "Damu ya Yesu inatulinda. Kuogopa kikohozi ni kukosa imani." Mimi naamini uponyaji. Nimeuona kwa macho yangu, hapa hapa Mai Mahiu. Lakini angalia mimi nilifanya nini. Nilikuwa jasiri kwa mwili wa mtu mwingine. Kama imani yangu ingeshindwa, mimi ningekohoa siku mbili zaidi. Aliyekuwa anahatarisha uhai wake ni yeye, na mimi sikumwuliza. Mtu akisema anamwamini Mungu, sharti awe anahatarisha kilicho chake. Daudi alipoletewa maji ya kisima cha Bethlehemu, yaliyotekwa na watu waliohatarisha maisha yao, aliyamwaga mbele za Bwana. Hakutaka kunywa kitu ambacho gharama yake ingeweza kuwa damu ya wengine.

Na hapo hapo niseme jambo lingine, kwa sababu limetokea katikati yetu. Mama huyu alipotoka hospitali, mpendwa mmoja alimwendea akamwambia aache zile dawa ili aonyeshe amepona. Mpendwa, usifanye hivyo tena kwa mtu yeyote. Hezekia aliahidiwa na Mungu miaka 15 ya kuishi, na bado Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu lake. Ahadi na dawa zilikaa chumba kimoja. Aliyepandikizwa figo akiacha dawa, mwili utaikataa figo, na zawadi ya kaka yake itakuwa imetupwa. Atarudi kwenye mashine ya kusafisha damu, au kaburini. Usimtume mtu huko kwa jina la Yesu.

Jibu la tatu ndilo lililokuwa langu mwenyewe: "Nina wajibu. Watu wananingoja." Nilisoma biashara chuoni kabla ya kuitwa, na kuna somo moja ambalo halijanitoka. Kiwanda kinatengeneza bidhaa, kinamwaga maji machafu mtoni, na kikifunga hesabu ya mwaka kinaonyesha faida kubwa. Faida hiyo ni ya uongo. Kuna gharama ambayo haikuandikwa, na anayeilipa ni mwanakijiji wa chini ya mto ambaye hana hata hisa moja. Mwalimu wetu alikuwa akisema, ukitaka kujua kama biashara ni ya haki, tafuta nani analipa kile ambacho hakimo kwenye daftari.

Basi nikafungua daftari ya Jumapili ile. Upande wangu: mahubiri ya dakika 50, amina nyingi, na heshima ya kuonekana mtumishi asiyechoka. Upande wake: siku 11 hospitalini, mume aliyekosa kazi, bili, na uwezo wa figo uliopungua. Faida ilikuja kwangu na gharama ikaenda kwake. Na ile niliyoiita wajibu, nikiichunguza vizuri, nusu yake ilikuwa kiburi. Kulikuwa na watu watatu ambao wangeweza kuhubiri siku ile.

Lakini niwe mkweli upande wa pili pia, maana swali hili si jepesi. Kuna dada hapa anayeuza mboga, na siku asipofungua kibanda watoto wake hawali. Kuna kondakta ambaye akikohoa anakohoa akiwa kwenye mlango wa matatu, kwa sababu hana likizo ya ugonjwa. Kuna mzee ambaye kikohozi chake ni cha vumbi na moshi wa miaka 40 wala hakiambukizi mtu. Nikisema kila anayekohoa asije kanisani, nitakuwa nimetoa umati mlangoni nikaweka umati mwingine. Na hata tukijitahidi, hatutazuia yote. Mtu mwenye homa huanza kuambukiza karibu siku moja kabla hajaanza kuumwa. Watafiti wa KEMRI kule Kilifi, kati ya 2009 na 2010, walichukua vipimo vya pua vya familia nzima nzima kwa miezi sita, wakifuata virusi vya RSV ambavyo huwasumbua sana watoto wachanga. Waliona kwamba mara nyingi anayemletea mtoto ugonjwa ni kaka au dada yake mkubwa, hasa anayeenda shule, na kwamba wengi waliobeba virusi hawakuonyesha dalili yoyote. Hakuna anayeweza kumlaumu mtoto wa darasa la pili kwa kumbusu mdogo wake.

Kwa hiyo naona kuna mizigo miwili, na tusiichanganye. Kuna ile hatari ambayo hatuijui na hatuwezi kuiondoa. Hiyo tunaibeba wote kwa sababu tunaishi pamoja, na mama mwenyewe anaikubali kila anapotoka nyumbani. Na kuna ile ninayoijua na ninayoweza kuipunguza kwa gharama ndogo. Hiyo ni yangu. Kadiri ninavyojua zaidi, na kadiri inavyonigharimu kidogo zaidi, ndivyo inavyozidi kuwa yangu. Muuza mboga anayekohoa hana namna, tumsaidie. Mimi nilikuwa na namna.

Paulo hakuwaambia Warumi kwamba wenye nguvu wamekosea kuwa na nguvu. Aliwaambia nguvu hiyo ni ya kazi gani. Hata kuhusu nyama, alikuwa tayari kuiacha kabisa kuliko kumkwaza ndugu mmoja, na nyama yenyewe ilikuwa halali yake. Hakudai yule dhaifu aimarike kwanza.

Kuna siku nilikwenda kumwomba mama msamaha. Nilikaa kiti cha karibu na dirisha, nikiwa nimevaa barakoa. Nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Pasta, mimi sitaki kanisa liwe hospitali kwa ajili yangu. Nataka tu mtu akiwa na homa aniambie. Nitahama kiti mwenyewe. Kile kinaniuma ni mtu akijua na anyamaze."

Kaka yake alikuwa pale pia, ameleta maziwa. Nilimtazama nikapata aibu ya kweli. Yeye alikuwa na figo mbili akatoa moja. Alipasuliwa, akashonwa, akakaa miezi mitatu bila kipato. Mimi niliombwa nitoe Jumapili moja, nikaona ni nyingi.

Nimezungumza na pasta mkuu na wazee wa kanisa, na haya ndiyo tuliyokubaliana kuanzia Jumapili ijayo. Madirisha yote yatakuwa wazi, hata kukiwa na baridi, kwa hiyo njoo na sweta. Safu mbili za upande wa madirisha ni za wale ambao kinga yao ni ndogo na familia zao, na hatutauliza mtu ana ugonjwa gani. Mwenye homa na ambaye anaweza kukaa nyumbani, akae, na mmoja wetu atampigia simu kuomba naye siku hiyo hiyo. Anayekohoa na ameona ni lazima aje, atapewa barakoa mlangoni, na wahudumu watamkaribisha kwa furaha kama mwingine yeyote. Kabla ya kumwekea mtu mikono, tutamwuliza kama yuko sawa na hilo. Anayeishi nyumba moja na mtu aliyepandikizwa kiungo, au mwenye saratani, aulize hospitali kuhusu chanjo ya homa ya kila mwaka. Na aliyepandikizwa mwenyewe akianza kukohoa, asingoje Jumapili tumwombee. Aende kwa daktari siku hiyo, kwa sababu dawa ya virusi vya homa hufanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya siku mbili za kwanza. Tutamwombea akiwa njiani.

Kwa mtumishi yeyote wa madhabahu, nikianza na mimi: ukiwa na homa, zamu yako ina mtu mwingine.

Mama amesema atarudi Jumapili ya mwisho wa mwezi huu. Atakaa safu ya pili, dirisha la upande wa barabara ya Narok. Ukipita hapo, msalimie kwa kuweka mkono kifuani. Na kama una homa, mwambie.

Mungu awabariki.